"Meat" isiyo na nyama

Miaka kadhaa iliyopita, msibani, mhubiri mmoja kijana alisimama kutufariji kwa Kiingereza. Alishika Biblia ya Mfalme James, tafsiri ya mwaka 1611, akasoma Wathesalonike wa Kwanza sura ya 4: sisi tulio hai "shall not prevent them which are asleep". Kisha akaeleza, kwa upole na nia njema kabisa, kwamba hatuna uwezo wa kuwazuia wapendwa wetu wasiondoke. Watu wakaitikia amina. Mzee aliyekaa karibu nami akafungua Biblia yake ya Kiswahili, ile ya Union iliyokamilika mwaka 1952, akaniwekea kidole kwenye mstari: "hakika hatutawatangulia wao waliokwisha kulala mauti."

Hatutawatangulia. "Prevent" limetoka kwenye Kilatini, praevenire, kuja kabla, na mwaka 1611 bado lilikuwa na maana hiyo ya kutangulia. Aliyekutangulia njiani aweza pia kukuzibia njia, na polepole maana ya kuzuia ikalimeza neno zima. Paulo alikuwa akiwaambia wafiwa kwamba siku ile ndugu zao hawataachwa nyuma. Mhubiri wetu alitoa faraja nyingine, ambayo haikuandikwa pale.

Tangu siku hiyo naamini kwamba katika Kiingereza cha kale maneno mageni hayana hatari kubwa. Watu hupeana orodha za maneno ya ajabu mitandaoni, na mimi nazisoma kwa furaha. Ukikutana na "overmorrow" utasita, utafungua kamusi, utakuta ni keshokutwa. Waingereza waliliacha likapotea, sisi la kwetu tunalo, tena tuna mtondo na mtondogoo. Neno linalotupoteza ni lile tulilofundishwa darasa la nne. Hilo hatusiti mbele yake hata kidogo.

Chukua "meat". Katika Mambo ya Walawi sura ya 2, Biblia ya Mfalme James inataja "meat offering". Mtoto wa shule atakuambia ni sadaka ya nyama. Lakini soma kilichomo: unga mwembamba, mafuta, ubani. Nyama haimo kabisa! Zamani "meat" ilikuwa chakula chochote kile, na nyama ilikuwa aina moja tu ya chakula hicho. Biblia ya Kiswahili inasema wazi: sadaka ya unga.

Au "conversation", mfano ninaoupenda kuliko yote. Petro anawaambia wanawake kwamba waume wasioamini wanaweza kuvutwa "without the word", pasipo neno, kwa "conversation" ya wake zao. Ukilichukua neno hilo kwa maana ya leo, mume anavutwa kwa mazungumzo yasiyo na neno, na hapo Petro anajipinga mwenyewe. Kiswahili kinasema "kwa mwenendo wa wake zao", na kila kitu kinakaa sawa, kwa sababu wakati ule "conversation" ilikuwa namna mtu anavyoishi na wenzake.

"Let" nalo lina mkasa wake. Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mawili, moja la kuruhusu na moja la kuzuia, yakasogeleana matamshi mpaka yakawa kama neno moja. La kuzuia likafifia, ila bado limo kwenye pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", yaani pasipo kuzuiwa.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wa Kiingereza wasiwape wanafunzi neno kana kwamba lina maana moja tangu kuumbwa kwa dunia. Na msomaji wa Kiswahili anayesoma Biblia hiyo ya kale aweke ya Union kando yake. Tumezoea kutafuta maana ya Kiswahili kwenye Kiingereza. Hapa Kiswahili ndicho kinachotoa mwanga.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake una mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Kijana wa leo akisikia chuo atawaza mabweni na ada, ilhali kwa washairi wale chuo kilikuwa kitabu. Hakuna anayemruhusu mwanafunzi wa fasihi kusoma tendi za kale kwa masikio ya leo tu. Kwa nini basi tunaruhusu hivyo kwa Kiingereza, tena juu ya jeneza?

Siku ile sikumwambia mhubiri kitu; hapakuwa mahali pake. Lakini mjane alikuwa ameketi mstari wa mbele, na mstari uleule uliosomwa ulikuwa umebeba habari njema kwa ajili yake: mume wake hataachwa nyuma. Hakuisikia.