Mshenga na Bodaboda Mwenye Huruma

Jijini Dar es Salaam kuna dereva wa bodaboda ambaye hawezi kumpita mtu aliyekwama barabarani. Nilimpanda mimi, tena siku niliyovaa kanzu nyeupe, mfukoni nimebeba barua ya posa ya mpwa wangu.

Safari ilikuwa ya Kimara Mwisho hadi Mbagala Rangi Tatu, na saa nne asubuhi nilitakiwa niwe nimeketi kwenye mkeka wa watu. Daladala za Jumamosi na kanzu nyeupe havipatani, ndiyo maana nikaenda kijiweni. Kijana alikubali bei bila kubishana. Bodaboda asiyebishana bei ana jambo lake.

Hatujafika Kimara Korogwe, akafunga breki. Mwenzake alikuwa anasukuma pikipiki pembeni ya barabara, jasho linamtiririka.

"Wese?" dereva wangu akauliza.

"Limekata, kaka."

Basi. Akachomoa mpira wa mafuta chini ya tangi, akaukinga kwenye chupa ya maji, chupa akaniambia nishike mimi. "Shehe, nikamatie kidogo." Kwa sababu ya kanzu nilishakuwa shehe, na sikuwa na nafasi ya kukataa cheo. Nilishika ile chupa kwa mikono miwili, nimeinyoosha mbali na kifua, huku simu inaita. Shemeji yangu, ambaye alitangulia ukweni, alitaka kujua nimefika wapi.

"Buguruni hapa," nikamwambia, na Buguruni yenyewe bado iko mbele sana. Watu wa Dar mnaelewa.

Tulipokatiza pale Kijazi, ile barabara ya ghorofa ya Ubungo iliyozinduliwa mwaka 2021, upepo ulinipiga usoni nikaanza kuamini tutafika. Tukaingia Barabara ya Mandela, katikati ya malori ya bandarini. Mbele kidogo kuna dada na Vitz yake, tairi la nyuma limelala kabisa, naye kasimama anapiga simu kwa mtu asiyepokea.

"Kijana, tumechelewa," nikamwambia mapema, kabla hajapunguza mwendo.

"Shehe, mimi iliwahi kunizimikia Kibamba usiku. Nikasukuma mpaka Mbezi, hakuna aliyesimama. Sikuwalaumu, usiku mtu anaogopa kuporwa. Lakini hii saa hizi si mchana?"

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Akavunja tawi la mwarobaini, akanikabidhi. "Kasimame kule nyuma uwapungie wapunguze mwendo. Kanzu wanaiheshimu."

Na kweli waliiheshimu. Malori yalipunguza. Dereva wa Fuso mmoja akanipa salamu kamili, nami nikaitikia kamili. Daladala moja ilipunguza mno, konda akatoa mkono dirishani akanirushia sarafu ya mia tano, akasema, "Shehe, tuombee na sisi." Aliamini nachangisha ujenzi wa msikiti. Nilitaka kumwambia ukweli lakini gari lilishaondoka, na yule wa nyuma naye alikuwa anapapasa mfukoni.

Shemeji akapiga tena. Nikamwambia bado nipo Buguruni, foleni.

Kisa chenyewe lakini kilikuwa karibu na Tazara. Kijana mwenye pikipiki amevua kiti, anapiga kiki mpaka mguu unatetemeka. Dereva wangu hata hakuniomba ruhusa. Akafungua plagi, akaigusisha kwenye kichwa cha injini, akamwambia piga kiki. Hakuna cheche. Kumbe yeye hutembea na plagi ya akiba chini ya kiti, ameifunga kwenye leso nyeupe. Akaifungua, akamfungia yule kijana, na ile mbovu akaiviringisha kwenye ileile leso, akapiga fundo. "Hii nikiipiga msasa inarudi kazini."

Na mimi, kwa kuogopa oili, nilikuwa nimetoa mfukoni kifurushi changu nikakiweka juu ya tangi: barua imekunjwa, kisanduku cha pete kimo katikati, vyote vimefungwa ndani ya leso nyeupe. Zile leso wanazouza machinga kila kona, zote mama mmoja.

Simu ikaita. Shemeji safari hii anafoka. Dereva akanipachika kifurushi mkononi, "Shehe, mzigo wako huu," nikakitia mfukoni bila kutazama, tukaondoka.

Nilifika Rangi Tatu saa sita imeshapita. Shangazi wa binti hakunipa hata maji kabla ya kunisomea hukumu: faini ya kuchelewa, elfu ishirini. Nikaeleza habari ya petroli, ya Vitz na ya tawi la mwarobaini. Wakacheka sana, wakaipokea faini palepale. Konda wa mia tano alinichangia kidogo.

Nikakohoa, nikatoa maneno yangu niliyoyapanga tangu juzi: kwamba tumesikia humu ndani mna ua, na kijana wetu anaomba kulimwagilia. Nikaweka leso juu ya sinia. Mzee wa nyumba akafungua fundo taratibu, kina mama wamevuta pumzi tayari kwa vigelegele.

Ikatoka plagi.

Nyeusi tii. Kina mama wakabaki na vigelegele vyao mdomoni. Shemeji yangu akaanza kutazama mlango. Mzee peke yake hakushangaa. Alivaa miwani, akaigeuza plagi kwenye mwanga wa dirisha. Baadaye ndiyo niliambiwa kwamba amekuwa fundi magari Temeke maisha yake yote.

"Hii inapitisha oili," akasema. "Ringi zimekwisha."

Shangazi akanigeukia: "Kwani huyo bwana harusi ana umri gani?"

Nikampigia dereva. Akapokea haraka, nyuma yake kuna injini inakohoa. "Shehe, mzigo wako ninao, nipo hapa Zakhem, kuna bajaji imezima, nakuja sasa hivi."

Kutoka Zakhem hadi pale ni karibu tu. Alifika tumeshakula pilau na sinia zimeoshwa. Mikono myeusi, leso ameishika kwa ncha za vidole, pete imo, barua imo, na alama moja tu ya dole gumba kwenye bahasha. Kabla hajaketi akauliza, "Na plagi yangu?"

"Ngoja," Mzee akasema. "Pikipiki ilikotoka hii nimeshaijua. Ya kwako je? Washa niisikie."

Wakatoka nje, wanaume wote nyuma yao, shemeji yangu akiwa wa kwanza. Nilipochungulia, kiti kimeshavuliwa, Mzee amekunja kanzu kiunoni anaomba spana namba kumi. Barua iko palepale juu ya sinia, haijafunguliwa.

Shangazi akasimama kizingitini na daftari lake. Akatangaza faini ya pili, ya kuacha posa bila jibu, na hiyo akamwandikia kaka yake.