Batani ya moyo ilivyonimaliza mbele ya kamati ya harusi

Sasa nyinyi, kabla muamini ile stori rafiki yangu amemwaga kwa magrupu yote ya Kisumu kutoka Kondele hadi Mamboleo, ati nilihack waifai ya kamati ya harusi, sikuhack waifai ya mtu. Nilikuwa najifunzia mambo ya DNS (ile kitu hugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) kwa VM, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu, kwa ile ofisi ya kushare Oginga Odinga Street, laptopu yangu na kebo yangu, sina neno na mtu.

VM ilikuwa na dnsmasq, programu ya kugawa anwani kwa mtandao na kujibu majina, inagawa anwani za 192.168.56 na nimeiambia jina lolote litakaloulizwa, liwe la benki ama la gazeti, ijibu 192.168.56.10, yaani yenyewe. Ikiwa Host-only, yaani inaongea na laptopu yangu peke yake, hiyo haisumbui mtu. Shida Host-only haina intaneti na nilitaka kuinstall kitu, nikaibadilisha ikawa Bridged, yaani imeingia moja kwa moja kwa mtandao wa ofisi, bado ikagoma, nikaiacha hivyo nikashuka chini kutafuta chai na mandazi. Bridged, wapendwa, ni kumfungulia mgeni mlango wa boma lote na wewe ukaenda zako.

Narudi, chumba cha mkutano kimejaa kamati ya harusi. Kila anayeunganisha waifai, simu yake inaomba anwani, VM yangu inamjibu kabla ruta ya ofisi iamke. Na mnajua simu ikishashika waifai huwa inachungulia kwanza kama kweli kuna intaneti, ikipewa jibu haikutarajia inadhani ni ile ya kulogin, inakufungulia ukurasa yenyewe. Ukurasa gani? Wangu wa kutest, ulio kwa hiyo VM. (Msinicheke bado, subirini.)

Projekta. Ukuta mzima. Mimi niko ufuoni Dunga, kifua wazi, kitambi kinang'aa, nimekumbatia samaki mbuta, macho nimelegeza. Juu yangu kwa herufi nyekundu: SIMBA WA NAM LOLWE (Ziwa Victoria hilo, kwa Kijaluo). Chini batani ya waridi: INGIA MOYONI MWANGU.

Hakuna anayepumua. Mzee mmoja wa kofia, mweka hazina, miwani iko kwa ncha ya pua, ananyoosha kidole pole pole anabonyeza simu yake. Anangoja. Anabonyeza tena. Anainua kichwa, ananiona mlangoni na mandazi mdomoni, anaangalia ukuta, ananirudia mimi.

"Kijana, si ni wewe huyu? Nimeingia huu moyo tangu saa nne na bado bajeti ya hema haifunguki."

Mama mmoja huko nyuma: "Labda kumejaa, mzee."

Aki mandazi iliniponyoka.

Nikang'oa kebo, lakini simu zilikuwa zimeshapewa anwani zangu za masaa 12, ikabidi nizunguke kila kiti, "shikamoo mama, naomba uzime waifai uwashe tena," huku kila mmoja akiniangalia tumbo. Harusi iko Disemba, nimealikwa.

Na wewe uliyeniuliza inbox ati ukibonyeza inakupeleka wapi: haikupeleki mahali, hiyo batani sikuwa nimeiwekea linki.