Mgeni aliyepewa jembe: kromosomu ya pili ya kipindupindu

Februari 2018, wakimbizi wa Kongo walipokuwa wakivuka Ziwa Albert na kushukia Sebagoro, wilayani Hoima nchini Uganda, kipindupindu kilizuka kati yao. Maji machafu na vyoo haba, hayo tunayajua. Mimi nataka kumtazama mdudu mwenyewe, Vibrio cholerae. Shuleni tulikariri kwamba bakteria ana kromosomu, yaani uzi wa DNA unaobeba jeni zake, moja tu ya mviringo. Huyu anazo mbili: kubwa ya herufi za DNA karibu milioni 2.96 na ndogo ya milioni 1.07. Hilo lilithibitika jenomu yake, yaani DNA yake yote, iliposomwa nzima mwaka 2000.

Wapo wanaosema hiyo ndogo ni plasmidi tu (kipande kidogo cha DNA cha ziada kinachojinakili kivyake) iliyonenepa, na hoja yao si nyepesi. Kubwa huanza kujinakili kwa protini ya DnaA, kama ilivyo kwa bakteria wengi. Ndogo ina protini yake, RctB, inayoshika vipande vifupi vinavyojirudia, kwa mtindo wa plasmidi hasa. Tena jeni nyingi za lazima, na hata zile za sumu inayoharisha, zimekaa kwenye kubwa.

Lakini plasmidi ya kawaida ukiitoa, seli huendelea na maisha yake. Hii ukiitoa, seli inakufa, kwa sababu baadhi ya jeni za lazima zimo humo. Halafu kuna suala la ratiba, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Kwenye kromosomu kubwa kuna kipande kiitwacho crtS. Mashine ya kunakili ikishakipita, ndipo ndogo inapoanza kunakiliwa, na zote mbili humaliza karibu wakati mmoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alishapewa jembe zamani, na saa ya kwenda shamba anaifuata ya mwenye nyumba. Mimi naiita kromosomu.

Ninaposita ni pale tunapoambiwa kwamba kugawa jenomu katika kromosomu mbili kunaharakisha kuzaana. E. coli, bakteria wa utumbo, ana kromosomu moja ya herufi milioni 4.6. Kuinakili huchukua kama dakika 40, na bado akishiba hugawanyika kila dakika 20, kwani huanza duru mpya kabla ile ya kwanza haijaisha. Isitoshe, watafiti wameziunganisha kromosomu mbili za kipindupindu kuwa moja na mdudu akaendelea kuishi vizuri tu. Wapo hata Vibrio cholerae wa asili wenye moja. Kama mbili zingekuwa siri ya kasi, hao wangeachwa nyuma sana.

Hata hivyo sifungi mlango. Binamu yake wa baharini, Vibrio natriegens, naye ana mbili, na chakula kikiwa tele huongezeka maradufu kwa chini ya dakika 10.