Pedali Zimekuwa Tatu, Msiniulize

Leo asubuhi nafuta kioo cha gari yangu, Mini ya zamani, kwa heshima zangu zote, jirani akapita. Salamu hakuna. Akachungulia ndani, akaziona pedali tatu badala ya zile mbili za oto, akatikisa kichwa, akauliza: "Kwani ulishindwa kununua ya gia tangu mwanzo?"

Jamani. Mtu mzima, ana watoto wanaomwamkia, ananiuliza hivyo jua halijapanda. Majibu nilikuwa nayo, tena mengi, ila si ya kusemwa na mtu wa rika langu hadharani. Nikasema, "Ahsante, jirani," nikaendelea kufuta kioo kilekile ambacho kilishatakata.

Ya gia tangu mwanzo! Kana kwamba Mini za zamani zimepangwa mahali zinakusubiri uchague rangi. Unachukua ile iliyokukubali. Yangu ilinikubali ikiwa ya oto, na lile giaboksi la spidi nne lililoanza kufungwa kwenye Mini mwaka 1965, na mwanzoni tuliheshimiana vizuri tu. Baadaye ikaanza kutafakari. Unaweka D, unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari imetulia inawaza. Waliopo nyuma wanakupigia honi wewe, wakati anayewaza si wewe.

Shemeji yangu, ambaye boneti ya gari hajui inafungukia upande gani, akasema shida ni kwamba siweki P, ile ya kuegesha, nikisimama. Shemeji, hii gari haina P. Ina R, N, 1, 2, 3 na D, imetosha. Hakuniamini. Aliitafuta P mpaka chini ya zulia.

Sasa wote waliokuwa na mdomo wakawa na ushauri mmoja: toa giaboksi ya oto, weka ya gia, yameisha. Kwenye magari ya wenzangu, sawa. Giaboksi imekaa nyuma ya injini, unailegeza, unaishusha, unapandisha nyingine, jioni uko nyumbani. Lakini Issigonis, mhandisi wake, alipoichora hii Mini iliyotoka 1959, aliikingamisha injini ili watu wanne wapate pa kukaa, na giaboksi akaisokomeza chini ya injini, ndani ya sampu kabisa, lile bakuli la oili. Oili ni moja. Inayolainisha pistoni ndiyo inayolainisha gia, na kwenye ya oto ndiyo hiyohiyo inayosukuma mambo yote ya giaboksi. Ni akili kubwa, mimi simpingi mzee wa watu. Ila maana yake giaboksi huigusi mpaka ung'oe injini nzima, na ukishaing'oa, kila kitu kinaomba kubadilishwa. Tokonveta, ile inayounganisha injini na giaboksi ya oto, itoke, flaiwili iingie. Klachi. Kava la klachi. Gia za kushusha mzunguko kutoka kwenye krenki kwenda chini. Vijia vya oili vya oto vichunguzwe kimojakimoja, maana giaboksi iliyokuwa inakunywa humo imeondoka. Mkia wa krenki uangaliwe kama unakubali wageni. Pedali ya tatu, silinda ya klachi ya juu, silinda ya klachi ya chini, paipu ya kuziunganisha. Na wenzo wa gia, ambao kila mpita njia ana maoni ukae wapi.

Nikatafuta injini ya gia iliyokwishakufa, ili tuichukulie viungo. Fundi akaizunguka, akaipapasa, akavuta pumzi. "Bosi," akasema, "vyote hapa vitatoka. Tatizo langu ni flaiwili."

Sikumwelewa. Flaiwili ni sahani ya chuma, ina boliti moja kubwa katikati, unafungua, unatoa. Fundi akanitazama kwa huruma. Kumbe imebanwa kwenye ncha ya krenki iliyochongwa kwa mteremko, na miaka yote ile injini ilivyokuwa inazunguka yenyewe ilikuwa inazidi kujikaza. Halafu kuna masharti. Usivute kabla hujaizungusha krenki mpaka ule mfuo wa kwenye ncha ulale sawasawa, maana kwa ndani kuna washa yenye umbo la C. Mfuo usipolala, washa inadondoka, inakaba, na hapo hutoi flaiwili wala hurudishi. Na boliti la katikati usilitoe lote. Unaliacha limeshika mizunguko kadhaa, kwa sababu flaiwili ikiamua kutoka haibishi hodi.

"Hii haivutwi, bosi. Hii inaombwa."

Tukaanza kuomba. Fundi akafunga pula, kifaa chake cha kung'olea, ya boliti tatu, akalaza mfuo, akapima kwa jicho, akakaza. Kimya. Akaleta bomba refu, akalivika kwenye spana, spana boi akaning'inia mwisho wa bomba miguu juu. Kimya. Injini nzima ikaanza kuzunguka na spana boi wake. Ikabidi mimi, na shati langu la kwendea mambo ya maana, niikumbatie injini. Oili nyeusi ikanipata hapa kifuani, ikateremka taratibu mpaka mfukoni, kwenye kalamu.

Watu wakaanza kukusanyika. Hakuna kitu kinachokusanya wanaume wasio na haraka kama mwanaume mwenzao aliyekumbatia injini. Mmoja, aliyedai kuwa aliwahi kuendesha lori, akataka tuipashe moto. Mwingine akasema moto utaharibu sili, tuimwagie mafuta ya taa tuipumzishe. Kijana mmoja akatoa simu, akaanza kutuonyesha mzungu akiing'oa ya kwake kwa kugonga mara moja, kang, imetoka, anacheka. Fundi akamwomba kwa adabu aizime. Kijana akairudia, kwa sauti ya juu zaidi. Kang. Anacheka.

Fundi akachukua nyundo. Akagonga kichwa cha pula, akakaza, akagonga, akakaza. Mzee wa lori akawa anahesabu kwa sauti, sijui alikuwa anahesabu nini. Spana boi akaning'inia tena. Mimi nikakumbatia tena. Ilifika mahali hata mimi nikaanza kuisemesha: mama, toka basi, mbona hatujakukosea.

Fundi akatupa spana chini. "Tuiache imekazwa hivyohivyo. Itajifikiria."

Nikainuka. Mzee wa lori na wa mafuta ya taa walikuwa wamebaki wanabishana nani angesikilizwa ingekuwaje. Ndipo tukasikia: PAA! Mlio ambao mtu hauulizi umetoka wapi, anakimbia kwanza. Mzee wa lori, aliyekuwa amelalamikia goti mchana kutwa, alikuwa wa kwanza kufika ng'ambo. Tuliporudi, flaiwili imejitoa yenyewe, imetulia imeegemea lile boliti tuliloliacha, na washa haijadondoka. Wa mafuta ya taa akanigeukia: "Unaona? Nilisema ipumzishwe."

Yaliyofuata sitaki hata kuyakumbuka. Kwenye ile gia inayokaa kwenye ncha ya krenki, fundi alitaka nafasi ya kuchezea isipungue milimita 0.09 wala isizidi 0.165, akawa anabadilisha washa moja baada ya nyingine, anachomeka geji, anaguna, anazichomoa zote. Muuza spea aliniuzia paipu ya klachi inayoishia hewani.

Na siku ya kuwasha, nimevaa vizuri, nikageuza ufunguo. Kimya. Fundi akasema betri. Mzee wa lori, sijui nani alimwita, akasema stata. Ni fundi wa umeme aliyekuja baadaye akafuatilia waya mmoja, akaanza kucheka peke yake. Mini ya oto haiwaki mpaka wenzo uwe kwenye N, kuna swichi inayolinda hapo. Swichi tulishaitupa. Waya ukawa unaisubiri N ambayo haipo tena duniani. Akaunganisha ncha mbili, ikawaka.

Kwa hiyo gari inatembea, ina gia nne, ina klachi ngumu inayonichosha paja la kushoto. Giaboksi ya oto iko kwenye baraza langu. Mke wangu ameshauliza kwa upole, ameshauliza bila upole, sasa haulizi, ameanza kuanikia matambara ya jikoni juu yake. Jana mnunuzi wa vyuma chakavu ameiinua upande mmoja, akaiachia, akaniuliza kama hiyo redio ya kwenye gari na yenyewe ninaitoa. Redio! Redio ni nzima. Inakamata stesheni moja tu, na hiyo moja mchana kutwa ni matangazo ya vifo na mtu anayeuza dawa ya kiuno, na nikikanyaga klachi inanyamaza, nikiachia inaanza upya na yule wa dawa ya kiuno, na fundi wa umeme nimempigia, anasema yuko njiani, tangu juzi huyo mtu yuko njiani, sasa nataka kujua ni njia gani hiyo