Kasha la kusafiria na bastola: plastiki ngumu, chuma chenye kebo au begi la zipu?

Watu wakianza kubishana kuhusu kasha la kubebea bastola swali la kwanza huwa lipi gumu zaidi, na mi naona hapo ndo wanapopotezana mapema, maana kasha la kufunga lina kazi mbili na hizo kazi hazifanani. Ya kwanza ni kuzuia mkono usiohusika usiifikie silaha, mtoto, mgeni, muosha gari, yeyote anayefungua tu kwa udadisi. Ya pili ni kumchelewesha mwizi mwenye bisibisi na muda wake. Kuna kasha linafanya ya kwanza vizuri sana na ya pili ni bure kabisa, ndo maana mmoja anasifia na mwingine anaponda kitu hicho hicho na wote wako sahihi.

Tuanze na begi laini kwa sababu linadharauliwa kuliko linavyostahili. Wanaolitetea wanasema ni jepesi, linafanana na begi la kompyuta, hakuna anayegeuka kuliangalia, wakati lile kasha jeusi kubwa lenye stika za kampuni ya silaha linatangaza kilichomo kabla hujashuka kwenye gari. Kiukweli hiyo hoja ina uzito, silaha ambayo hakuna anayejua kama ipo iko salama zaidi kuliko ambayo kila mtu anaiona ikipita. Shida ni zipu. Unaweka kikufuli kwenye vile vichwa viwili vya zipu unaona umemaliza, kumbe mtu akisukuma ncha ya kalamu ya wino katikati ya meno ya zipu yanaachana yenyewe, anatoa anachotaka, halafu anavuta vichwa vyote viwili vikiwa bado vimefungwa pamoja vinapita pale palipoachana na zipu inajifunga tena, kufuli halijaguswa na wewe hujui chochote mpaka ufungue. Na hata bila kalamu kitambaa kinakatwa na kisu. Kwa hiyo begi laini kwa mtu aliye na mzigo wake mkononi muda wote, sawa, ila kuliacha kwenye gari au kumkabidhi mtu mwingine hapana.

Ndege ndo inamaliza ubishi wa begi laini. Marekani, ambako raia wengi wanasafiri na bastola, sheria za usalama wa anga zinataka silaha iwe haina risasi, iwe ndani ya kasha gumu lililofungwa, iingie kwenye mizigo ya chini tu, na itangazwe pale kaunta. Kasha linaloweza kufunguka kirahisi halikubaliwi hata kama lina kufuli, na kile kiboksi cha plastiki ambacho bastola ilikuja nacho kutoka dukani mara nyingi kinaangukia hapo. Jaribio lake mtu analifanya nyumbani kwa kasha tupu: funga kufuli kwenye tundu moja, halafu shika kona ya mbali ya mfuniko uivute juu kwa nguvu. Kama vidole vinapenya, au unaona ndani, basi hilo kasha limefungwa upande mmoja tu. Ndo maana makasha mazuri yana matundu mawili au zaidi, na kila tundu linatakiwa liwe na kufuli lake. Mtu ananunua kasha la maana halafu anafunga kufuli moja ili asibebe funguo nyingi, sasa hapo ulilipia nini?

Angalia na bawaba kwa nyuma pia. Kama pini yake iko nje na inagongeka ikatoka, mwizi wala hatahangaika na kufuli lako la mbele.

Sponji la ndani watu wanalipenda, unakata umbo la bastola yako inakaa pale kama yai. Kwa safari ni zuri sana kwa sababu silaha haichezi. Ila sponji linashika unyevu, na kasha lisilopitisha maji linafungia unyevu uliomo vilevile linavyozuia wa nje, kwa hiyo bastola ikisahaulika mle wiki nyingi kutu inaanza pale chuma kinapogusa sponji. Ni la kusafiria hilo, si kabati.

Upande wa chuma sasa, vile viboksi vidogo vyenye kebo inayozungushwa kwenye chuma cha kiti cha gari. Hapa wapinzani wanasema kebo inakatwa na mkasi wa kukatia chuma kwa sekunde chache, na ni kweli, kebo nyingi ndo sehemu dhaifu kuliko boksi lenyewe. Lakini bila kebo boksi lote linabebwa kwapani, akalifungulie kwake kwa raha zake. Mwizi wa gari kwa kawaida anavunja kioo, anachota, anakimbia, na mkasi mkubwa hatembei nao. Kwa mtu wa gari mi naegemea chuma chenye kebo, na kiwe kwenye buti, kisionekane. Droo ya dashibodi hata ikiwa na ufunguo isihesabiwe kabisa, ile sheria ya Marekani ya 1986 inayomlinda anayevuka majimbo na silaha inasema gari lisilo na buti lililojitenga silaha ikae kwenye kasha lililofungwa ambalo si droo hiyo wala kile kisanduku cha katikati ya viti.

Kufuli lenyewe nalo lina kambi zake. Yale ya mizigo ambayo wakaguzi wa uwanja wa ndege wana ufunguo wao mkuu ni ya kuepuka kwenye silaha, picha ya funguo hizo ilitoka gazetini 2014, na 2015 watu walikuwa wanazichapa kwa printa ya 3D. Na Marekani ufunguo au namba ya kasha la silaha inabaki kwa abiria peke yake, kwa hiyo kufuli la kawaida lenye chuma kinene ndo lenyewe. Alama ya kidole inavutia kwa haraka yake, ila Oktoba 2023 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa makasha kama 61,000 ya aina hiyo kwa sababu yangeweza kufunguliwa na kidole ambacho hakijasajiliwa, na taarifa ilitaja kifo cha mtoto wa miaka 12. Kasha la hivyo ukilinunua, lijaribu kwa vidole vya kila mtu wa nyumbani likiwa tupu, na urudie baada ya kubadilisha betri.

Wanaopenda wepesi wana jambo moja ambalo wapenda chuma hawalisikilizi: kasha zito lenye makufuli matatu linabaki nyumbani na bastola inaishia chini ya kiti. Kwa hiyo ukichagua kati ya lile bora kabisa utakalolichoka na la wastani utakalolifunga kila safari, chukua la wastani, mradi kona zake hazivutiki na chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, umeikagua kwa macho na kidole kabla ya kufunga.