Shangazi, Rudisha Piki Yangu

Kupiga metali, ule muziki mzito wa gitaa za umeme, hapa Mtwara ni kazi ya jasho, na hapo sisemi kwa mafumbo. Ikifika Novemba, mvua bado zinajivuta, joto linachanganyika na unyevu wa bahari, na mtu unaloa ukiwa umekaa tu chini ya mwembe ukisubiri bajaji. Sasa shika gitaa la umeme, fungua distosheni, kile kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti, mpaka mwisho, halafu utake mkono wa kulia uende juu na chini bila kupumua. Gumba linalowa, kidole cha shahada kinalowa, piki, kile kipande kidogo cha kuchapia nyuzi, inajigeuza upande, na kabla hujajua iko wapi imeshatua kwenye kofia ya mpiga ngoma.

Niseme mapema kwamba hakuna anayenilipa kupiga metali. Mimi ni mpiga solo wa bendi ya harusi, na kinachotuwekea ugali mezani ni rumba, zouk na zile nyimbo za kumwingiza bibi harusi ukumbini hatua moja baada ya dakika mbili. Kiongozi wetu anaamini kabisa kuwa metali ni muziki wa mashetani. Ila kuna ile nusu saa ya kujaribu vyombo kabla wageni hawajafika, na nusu saa hiyo, kwa makubaliano ambayo hayajaandikwa popote, ni yangu na mashetani wangu.

Watu wengi hudhani piki ni kipande chochote cha plastiki. Kwa rumba sawa, sibishani. Metali haikubali. Kule unalaza kiganja juu ya daraja la gitaa ili sauti ikatike, unazishambulia nyuzi nene kwa kasi, na kila pigo lazima lisikike peke yake. Piki nyembamba, ile ya nusu milimita, inapinda kabla haijauvuka uzi. Ikija kujinyoosha, pigo jingine limeshakupita. Unataka kitu kigumu, kinene, chenye ncha. James Hetfield wa bendi ya metali ya Metallica, anayesifika kwa mapigo ya kushuka matupu kwa kasi inayomchosha hata mtazamaji, ana piki za jina lake kutoka kampuni ya Dunlop. Mwenzake Kirk Hammett anatumia kale kadogo kanakoitwa Jazz III. Wakaidi nao wapo: Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, anajulikana kwa kupiga na sarafu ya zamani ya Uingereza, ya peni sita. Na mimi nikajaribu shilingi hamsini yetu. Ilikwangua uzi mwembamba mpaka ukakatika, ukanichapa shavuni.

Kabla ya hapo nilishakata kila kinachokatika. Kadi ya benki iliyokwisha muda inatoa piki nne safi, lakini kadi hizo zote unene wake ni mmoja, milimita 0.76, na kwa metali hiyo bado laini. Kifuu cha nazi kina sauti nzuri ajabu, kavu, ila ncha inamomonyoka katikati ya wimbo. Jirani yangu, mvuvi mstaafu, akanidokeza kwamba zamani piki za wakubwa zilichongwa kwa gamba la kasa aitwaye ng'amba. Ni kweli tupu. Ni kweli pia kwamba biashara ya kimataifa ya gamba hilo ilipigwa marufuku tangu miaka ya 1970, na kasa wetu wana hifadhi yao ya bahari pale Ghuba ya Mnazi. Mimi na jela hapana. Mzee akacheka, akarudi kwenye bao lake.

Basi nikajipapasa mifuko, nikaagiza kutoka Dar es Salaam Jazz III nyekundu, ya nailoni, milimita 1.38. Ikaja na basi. Ungeiona sura ya kijana wa vifurushi! Aliigeuza bahasha juu chini, akaitikisa sikioni, akanitazama kwa huruma.

“Kaka, mzigo wenyewe haujabaki Dar kweli?”

Kilomita zaidi ya 550, na ndani ya bahasha mna kitu kinachoenea juu ya ukucha wa gumba. Nikaifungua palepale stendi. Kingo zimelainishwa, ncha imechongoka, na katikati kuna maandishi yaliyoinuka kidogo ili kidole chenye jasho kipate pa kushika. Ukiibana haipindi. Usiku ule nilipiga mpaka shangazi akagonga ukuta kwa mwiko.

Sasa nimtambulishe. Naishi Vigaeni kwa shangazi yangu, dada wa baba, na msimu wa korosho ukifika nyumba inageuka kiwanda. Akina mama wa kikundi chake cha ubanguaji wanajaa uani na vigoda vyao. Korosho zimeshapigwa mvuke na kukaushwa. Mmoja anakaa kwenye mashine ya kukatia, mkono unaweka korosho kwenye kisu, mguu unakanyaga pedali, ganda linaachana vipande viwili. Mwenzake anapokea na kuchokoa kiini. Mikono yote inang'aa mafuta ya nyonyo, kwa sababu ndani ya ganda la korosho, katikati ya tabaka zake mbili, kuna mafuta meusi yanayobabua ngozi. Mtoto yeyote wa Kusini anayajua. Ndiyo hayo wenzangu shuleni walijichorea majina ya wapenzi mikononi, na wengine mpaka leo wana makovu yenye makosa ya tahajia.

Shida ya kuchokoa kwa kisu ni kwamba kisu kinakwaruza. Korosho nzima ina bei yake. Ikivunjika inatupwa kwenye beseni la vipande, na vipande havina heshima sokoni. Shangazi korosho ikimvunjikia mkononi hutoa sauti ambayo hata msibani sijamsikia akiitoa.

Siku ya harusi nimeshaoga, nimevaa shati la kitenge la bendi, naifuata piki juu ya amplifaya nilikoiacha. Haipo. Nikainua zulia. Nikatikisa viatu. Nikatoka uani.

Shangazi amekaa kwenye kigoda, kanga kiunoni, anachokoa korosho kwa kasi ambayo sijapata kuiona. Kiwiko kimetulia kabisa, kinachocheza ni kifundo cha mkono tu, na kila mchoko mfupi, mkavu, hauna mbwembwe. Mkono huo ndio ninaoutafuta tangu nianze gitaa. Na katikati ya gumba na kidole cha shahada, kitu chekundu.

“Shangazi! Hiyo piki yangu!”

“Piki gani? Hiki kichokoo nimekiokota juu ya sanduku lako la kelele. Hebu njoo uone, mwanangu.”

Akanisogezea sinia. Korosho nzima tupu, hakuna hata moja yenye mkwaruzo. Halafu akanipa somo nikiwa nimesimama na shati langu la kitenge. Kipande cha ndoo kinapinda, alisema. Kisu kinakata. Hiki kigumu lakini hakina makali, ncha yake inaingia palepale kwenye kona ya ganda, na haya maandishi ya katikati yanazuia kisiteleze mafuta yakizidi. Nikabaki nimeduwaa. Mwanamke huyu metali pekee aliyoisikia maishani ni ile anayoigongea ukuta, na ametaja sifa zote za piki bila kusahau moja.

Nje mpiga ngoma alikuwa anapiga honi kwenye bajaji. Nikaikwapua piki, nikaifuta kwenye suruali, nikatoka mbio, nyuma nasikia: “Wewe! Rudisha kichokoo changu!”

Ukumbi ulikuwa umeshajaa. Nusu saa ya mashetani ikafa kwa kuchelewa, tukaingia moja kwa moja kwenye wimbo wa bibi harusi. Ubeti wa kwanza haujaisha, waya wa gitaa ukaanza kukoroma kwenye spika. Kuuchomoa, kuupangusa na kuuchomeka upya kunataka mikono miwili, na mpiga gitaa akitaka mikono miwili piki huiweka mahali pamoja tu. Nikaibana midomoni.

Ladha niliisikia. Chungu, halafu kali. Nikasingizia mishkaki niliyokula njiani. Nilipoitoa piki na kurudi kwenye wimbo, mdomo wa chini ulikuwa unawaka. Kufika kibwagizo, umeanza kukua. Ulivimba kama andazi kwenye mafuta ya moto: taratibu, upande mmoja kwanza, kisha ukataka kujigeuza wenyewe.

Na mwitikiaji ni mimi! Hebu jaribu kuimba harusini bila kukutanisha midomo. “Baba” imo humo, “mama” imo, “bibi”, “bwana”, “mkwe”, familia nzima inahitaji midomo. “Hongera mama” ikatoka “hongera nana”. “Bwana harusi” akawa “vwana harusi”. Mpiga bezi alinitazama mara moja, akageukia ukutani, mabega yakaanza kumtikisika na hakugeuka tena mpaka wimbo ulipokwisha.

Mshereheshaji, Mungu ampe maisha marefu, akadaka kipaza sauti: “Mabibi na mabwana, mpiga gitaa wetu ameguswa! Anajizuia kulia!” Machozi kweli yalikuwa yananitiririka. Akina mama wa upande wa bibi harusi wakanijia kwa vigelegele, wakaanza kunitunza, noti zikanigandia kwenye jasho la paji la uso. Sijawahi kutunzwa namna ile kwa kupiga vizuri. Mezani huku nyuma, hata hivyo, ripoti ilikuwa nyingine. Meza ya kwanza walisema nimeumwa na nyuki. Ilipofika meza ya mwisho nilikuwa nimepigwa na mume wa mtu, na mume mwenyewe alikuwa anasubiri nje.

Kiongozi akanionyesha kwa mkono: acha kuimba, jaza solo. Solo ya aina gani hakusema, na mimi wa kumuuliza sikuwa na mdomo. Nikakanyaga distosheni.

Piki ya 1.38, hata ikiwa na mafuta ya korosho, ni piki ya 1.38. Mapigo yalitoka yamenyooka, moja moja, kasi ile ya shangazi, kifundo tu. Mpiga ngoma, ambaye nyumbani kwao Newala amekulia kwenye ngoma, akaona hapa ndipo, akanifuata. Kiongozi alifumba macho. Lakini wazee wa Kimakonde wa upande wa bwana harusi walisikia mdundo umekolea, wakainuka vitini, na kiuno kikaanza kazi kana kwamba ni sindimba. Metali ikachezwa Mtwara, hadharani, na watu waliovaa kanzu na vitenge. Picha zipo. Kwa bahati mbaya nimo na mimi, mdomo umetangulia pua.

Mwuza duka la dawa alinieleza baadaye kwamba mafuta yale yale yanayobabua hutumika viwandani kutengenezea pedi za breki za magari. Nikamwambia hata mimi yamenisimamisha. Hakunielewa, maana nilikuwa bado natamka nusu nusu.

Shangazi huruma hakuwa nayo. “Umekitia mdomoni?” Akaninawisha kwa sabuni, akanipaka mafuta ya nazi, akaniketisha na uji na mrija. Mpiga ngoma alikuja kunifariji: Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya metali ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, akajitengenezea vidole vya plastiki aliyoiyeyusha kutoka kwenye chupa ya sabuni, akaendelea na gitaa. “Wewe mdomo tu,” akasema. Shangazi aliyekuwa anasikiliza akauliza jambo moja: “Na hizo plastiki nyekundu, dazeni bei gani?”

Dazeni ikaagizwa. Yule muuzaji wa Dar akauliza ni bendi gani hiyo yenye wapiga gitaa wengi hivyo, akatuongezea moja nyembamba ya bure. Uani palichimbika. Ile ya bure ilirushwa kwa kuku ndani ya dakika moja. Mama mmoja anataka nene zaidi, mwingine anasema nene inachosha gumba, wa tatu anadai ncha ikilika upande mmoja unaigeuza upande wa pili inakuwa mpya. Nimeshawasikia vijana wa metali wakitukanana kwa hoja hizo hizo, ila hawa walikuwa wanafanya kazi huku wanabishana.

Yangu ilikuwa imekwisha ncha kwa maganda, na tukapata kazi nyingine Mikindani. Nikamwomba shangazi aniazime moja katika dazeni yake. Akavuta daftari la kikundi, akavaa miwani, akaniandika chini ya mama anayedaiwa kilo mbili na juu ya yule aliyeazima ungo: “Kichokoo kimoja, chekundu. Kirudi Jumapili asubuhi, kimeoshwa.”