Kabla kiwanja hakijauzwa kwa ajili ya viza ya Korea

Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia simu saa nne usiku. Binti yake kapata "nafasi Korea", wakala anataka hela kabla ya Ijumaa, na baba mdogo ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja cha Chanika. Nikaomba niongee na mwenyewe. Nikamwuliza, unaweza kusoma Hangul, zile herufi za Kikorea? Kimya. Halafu: "Dada, si nitajifunzia hukohuko?"

Tangu usiku ule sijatulia.

Viza anayoitafuta inaitwa D-4. Ile ya digrii ni D-2, na mawakala wengi huzichanganya makusudi. D-4 anapewa aliyekubaliwa na kituo cha lugha, mara nyingi kilicho chini ya chuo kikuu. Muhula ni wiki 10, saa 200 za darasani, ngazi ni sita. Hata usiporudia ngazi yoyote, kuzimaliza zote kunakula kama mwaka mmoja na nusu, na kila muhula una ada yake. Chumba na chakula vinakusubiri pembeni.

Kinachoniuma ni kwamba watoto wetu wanauziwa D-4 kama njia ya kwenda kufanya kazi. Miezi sita ya kwanza mwanafunzi wa lugha haruhusiwi kibarua chochote. Baada ya hapo anaomba kibali uhamiaji, na saa anazoruhusiwa zina kikomo. Mahudhurio yakiporomoka, kuongezewa muda wa kukaa kunakuwa mashakani. Sasa mtu aliyetoka zamu ya usiku kiwandani atakaaje darasani asubuhi, macho makavu, akikariri viambishi? Anaacha shule, viza inakufa, na kuanzia siku hiyo anaishi kwa kujificha. Hela ya kiwanja hairudi.

Nazungumza kwa uchungu kwa sababu hata mimi niliiomba viza hiyo, na ombi langu la kwanza lilikataliwa. Kaka alikopa hela kwa rafiki yake tukaziweka kwenye akaunti yangu, siku tano baadaye nikachukua taarifa ya benki nikaenda nayo. Ukurasa mzima ulikuwa wa elfu kumi na tano, elfu arobaini, halafu mstari mmoja wa mamilioni wenye tarehe ya juzi. Afisa aliweka ncha ya kalamu kwenye mstari ule akauliza: hii ni ya nani? Nilibabaika. Alikuwa na haki ya kunikatalia.

Mara ya pili mdhamini alikuwa baba. Tulitumia akaunti yake ya mshahara, ndogo lakini ya miaka, akiba imepanda polepole mpaka ikafika. Tukaambatanisha barua ya mwajiri wake na cheti changu cha kuzaliwa kuonyesha kwamba kweli ni baba yangu, vyote vimetafsiriwa na kugongwa mihuri. Mihuri peke yake ilinila wiki kadhaa, kwa hiyo usianze mwezi mmoja kabla ya muhula.

Ila kilichonibeba, naamini hivyo mpaka leo, ni lugha. Nilikuwa nimejisomea mwaka mzima nyumbani. Herufi za msingi za Hangul ni 24 tu, na mtu aliyetulia anazishika ndani ya wiki moja. Kinachochelewesha ni sarufi, na hapo Mswahili ana bahati kuliko anavyodhani. Sisi tunaosema "nitakupigia" kwa neno moja hatushtuki kuona kitenzi kimebandikwa vipande vingi. Kikorea hubandika vyake mwishoni, basi. Na aliyelelewa na shikamoo haambiwi mara mbili kwamba mkubwa hasemeshwi kama rika lako. Nilipoulizwa kwa Kikorea kwa nini nataka kujifunza, nilijibu kwa sentensi tatu fupi. Afisa alitabasamu akafunga faili.

Tena kuna ufadhili wa serikali ya Korea, unaoitwa GKS, unaolipa nauli, ada, posho na mwaka mzima wa lugha kabla ya digrii. Unaombwa kupitia ubalozi au chuo chenyewe, bila wakala. Ushindani ni mkali, lakini kujaribu hakuuzishi kiwanja.

Wapo Wakorea wanaosoma Kiswahili kwa digrii nzima katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, hukohuko Korea. Nilikutana na mmoja aliyenisalimia "shikamoo dada" nikaishiwa maneno. Aliyajua hayo kabla hajakanyaga Dar es Salaam. Kwa nini sisi twende kwao mikono mitupu?

Baba mdogo amekubali kusubiri. Jumapili mdogo wangu alinitumia picha ya daftari: jina lake kwa Hangul, mistari kumi na miwili, ile ya juu imepinda, ya chini imenyooka. Chini ya picha kaniuliza, "Dada, na Chanika inaandikwaje?"